Mkutano Mkuu wa Miche, Kitandani Kwangu

Jumatatu, 1 Novemba 1954

Mkutano wa Chama cha Wakuza Miche ya Kahawa, hapa kwangu Nanyala. Waliohudhuria: mimi, mwenyekiti. Na Anyosisye, makamu wangu, ambaye nilimfundisha kusoma. Kumbe alikuja kurudisha jembe! Nilimsomea ajenda yote hata hivyo. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, Mwalimu, jembe niliweke wapi?

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Sawa. Umefanya kazi. Lakini sitaki kuondoka kabla ya kuona mkutano mmoja, mmoja tu, uliojaa wanachama. Chama hiki nilikianzisha mimi. Nikifa hivi, kitakufa kabla udongo haujakauka juu yangu.

Jumatano, 3 Novemba

Nimegundua jambo! Mzee Damiano ameteguka mguu. Mguu tu! Na wanachama wote wamekwenda kumpa pole, hata wale wanaodai kwangu ni mbali. Damiano anakaa mbali kuliko mimi.

Basi nitaugua. Nikamweleza mke wangu Loisi: nitalala, nitakoroma kidogo, wao watajaa, nami nitafungua kikao. Yeye atangaze tu kwamba hali ni mbaya.

Loisi aliacha kuchambua maharage. Akasema, “Baba Aida, wewe ni mgonjwa kweli. Unataka kujifanya nini?”

Iliniuma. Baadaye nikaona faida yake: hapatakuwa na uongo hata kidogo.

Ijumaa, 5 Novemba

Wamejaa! Chumbani, barazani, mpaka uani. Wanawake na kuni, unga wa ulezi, ndizi. Machozi yalinitoka. Wakadhani ni maumivu.

Ajenda ilikuwa chini ya mto. Nikajiinua kwa kiwiko, nikasema, ndugu wanachama, kifungu cha kwanza. Anyosisye akanilaza taratibu kama mtoto. Mgonjwa hasumbuliwi, akasema. Nikasema mgonjwa ndiye anayetaka kusumbua! Wakatazamana kwa huruma. Mama mmoja akanong'ona kwamba sasa anaweweseka.

Wakaanza wimbo wa kanisani. Wote, mpaka ubeti wa mwisho. Nikainua kichwa. Wakaanza mwingine. Kila nilipofungua mdomo, sauti ya pili ilipanda.

Wakaondoka kwa kunyata. Hakuna kifungu hata kimoja kilichojadiliwa. Ndizi ni tamu sana.

Jumamosi, 6 Novemba

Mungu wangu, kivuli! Huu ndio wakati wa kupunguza nyasi juu ya vitalu, kidogo kidogo, miche izoee jua kabla ya kuhamishiwa shambani mvua zikikolea. Mimi nimelala na miche yangu imelala. Ikitolewa gizani ghafla itaungua yote. Lakini mtu aliyeimbiwa namna ile hawezi kuonekana juu ya ngazi akitoa nyasi. Nimejifunga mwenyewe.

Loisi anasema nitulie. Anajua kitu. Simpendi akijua kitu.

Jumatatu, 8 Novemba

Loisi alipokwenda mtoni nilichukua fimbo, nikajikokota kitaluni. Nikasikia sauti. Wezi! Nikajibanza nyuma ya rundo la nyasi.

Hawakuwa wezi. Ni wanachama, karibu wote. Wanapunguza kivuli changu, wanang'oa magugu yangu, na wanabishana. Kwamba asiuze mtu mche wenye mzizi uliopinda, atakitia chama aibu mpaka Tunduma. Kwamba wa Vwawa na wa hapa wauze kwa bei moja. Ajenda yangu! Yote! Bila kuinua mkono, bila katibu! Na kumbe hufanya hivyo kila Jumatatu, leo kitalu cha huyu, kesho cha yule, tangu mwaka jana.

Kijana mmoja akauliza, sasa uenyekiti atapewa nani? Anyosisye akamkata: mwenyekiti ni Mwalimu. Mwingine akasema, lakini jamani, mikutano yake ni mirefu mno, maharage yanaungua jikoni! Wakacheka. Anyosisye alicheka pia. Kisha akasema mche wake wa kwanza alipewa na mimi, akiwa hana hata shati, nami nikamwambia ni zawadi ya mtihani. Hakukuwa na mtihani wowote, akasema.

Nilikuwa nimesahau.

Fimbo ikaniponyoka. “Mwalimu! Umefufuka?” Wakanikalisha juu ya debe, wakanizunguka. Mkutano uliojaa! Nikatoa ajenda mfukoni, nikasoma kifungu cha kwanza. Pumzi ikakata. Anyosisye akapokea karatasi, akasoma kilichobaki polepole, kwa sauti ile niliyomfundisha. Wote wakaitikia ndiyo, hata pale pasipokuwa na swali.

Alinirudisha nyumbani mgongoni. Sina uzito tena, nadhani.

Alhamisi, 11 Novemba

Siwezi kukaa. Naandika nimelala, mwandiko umepinda kama mzizi mbaya.

Nimetafakari sana yaliyotokea, na somo liko wazi: mbinu yangu ilifaulu! Ugonjwa huleta watu. Basi mazishi yataleta wengi zaidi, na hakuna anayeondoka mazishini kabla ya chakula. Nimemwagiza Anyosisye asome hotuba yangu kaburini, vifungu vyote, sufuria zikiwa bado zimefunikwa. Ameahidi. Aligeuka kutazama dirishani alipoahidi.

Nikamweleza Loisi. Alicheka mpaka akafuta macho, akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha. Kisha akanishika mkono, akasema kwa umati kama huo hana maharage ya kutosha. Nisithubutu kwenda popote mpaka yavunwe mapya.

Ni kweli. Sikuwa nimelifikiria hilo. Basi nitasubiri.

Muda huo utanitosha kuongeza vifungu.