Sikio la Tata Ngeleka

Ngiii! Ndivyo ilivyolia sufuria ya shaba ya Mama Tshiela ilipogongwa kijiko mbele ya mahakama ya cité, mtaa wa Waafrika, Kolwezi, mwaka 1954. Hadi leo watu wa Kapata, kambi ya wafanyakazi wa migodi, wakiiga mlio huo, huangua kicheko.

Aliyegonga ni Tata Ngeleka, msaidizi wa maabara ya kampuni ya migodi. Koti lake jeupe alilivaa mpaka kanisani. Alidai sikio lake linajua shaba ilichimbwa wapi, kama mama anavyojua kilio cha mwanawe gizani.

Akafumba macho, akainamisha kichwa kama padri anayeungamisha.

"Shaba ya mgodi wa Mutoshi," akatangaza. "Ya kampuni. Ya wizi."

Kwa neno hilo Mukalay, mume wa Tshiela, angefukuzwa kazi mgodini, na nyumba ya Kapata wangeihama jioni hiyohiyo, pamoja na watoto, magodoro kichwani.

"Bwana yangu alitoka nayo Dilolo, kule mpakani," Tshiela akasema. "Batu ba Angola banaziuzisha pale kila siku."

"Mama, sayansi haina ndugu." Ngeleka aliyapenda maneno hayo, akayarudia polepole.

"Basi isikie bila kuona. Tata juge, mumufunge macho."

Hakimu Kyungu, mtu asiyecheka ovyo, akakubali. Ngeleka akafungwa kitambaa, akatabasamu chini yake kama bwana arusi. Hakimu akavua kitu kifuani, akakigonga.

Ting.

"Mutoshi tena," Ngeleka akasema kabla mlio haujafa. "Wizi wa hii unapita wa ile. Mwenye nayo afungwe leo."

Kitambaa kikafunguliwa. Mkononi mwa hakimu ilining'inia medali yake ya shaba, iliyotoka Ubelgiji, tuzo ya uaminifu.

Kule nyuma mzee mmoja akanong'ona, "Leo basi amesikia muzuri."

Hakimu akajifanya kiziwi. Akamsukumia Tshiela sufuria yake, naye akaipakata kama mtoto aliyepona homa.

"Tata juge," Ngeleka akasema, "leo masikio yangu iko na mafua."

"Na siku zingine? Batu bote benye ulikuja kusikilizia shaba yabo hapa, ulijua namna gani ya kuwa haukukosea?"

Jibu Ngeleka alikuwa nalo. Mara ngapi alitamba nalo sokoni, kifua mbele! Sasa lilipotoka, hakimu alilazimika kuinama ili alisikie.

"Bote balifungwa, tata."