Kongano la Samani Lashuka Mkoani

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Mkuu wa Mkoa, waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Taifa la Makongano, wataalamu, wasaidizi wa wataalamu, wazee wetu mliokosa viti, na ninyi ndugu zangu mafundi samani ambao bila ninyi sisi watunga sera tusingekuwa na mtu wa kumtungia, nawasalimu kwa mara ya tatu, maana mbili za kwanza hazikuitikiwa. (Makofi machache.)

Kongano la viwanda, kwa wale ambao hawakubahatika kupelekwa semina, ni watu wa kazi moja kukaa mahali pamoja, huyu akimpa yule, yule akimpa huyu, ndipo sinajia, yaani nguvu ya pamoja, inapopatikana. Sera hii hatukuiokota njiani. Imeshuka kutoka taifani, ikapita kanda, ikavishwa fremuweki na rodimapu, na ripoti ya fizibiliti, ule upembuzi yakinifu, ikaonyesha mafanikio ya asilimia mia moja na nne. Hata nilipokwenda ng'ambo kwa ziara ya mafunzo, wenyeji wangu walikiri hawajapata kumwona mgeni anayejifunza kama mimi. (Kicheko.)

Najua mna dukuduku. Seremala yule pale nyuma, mwenye penseli sikioni, amenishika mkono getini akaniambia: "Mheshimiwa, sisi tulikuwa pamoja tayari. Mimi naranda, shemeji anapaka vanishi, mke wangu anashona mito, mwenye msumeno tunamwita tu ng'ambo ya barabara. Mmetutawanya, sasa kitanda kimoja kinazunguka mji mzima kabla hakijalaliwa. Tuachieni turudi mtaani kwetu." Maneno mazito, na nimeyapokea. Lakini ndugu yangu, mlikuwa pamoja kiholela. Taifa lina taasisi, na taasisi zina mipaka: mbao ni za Idara ya Misitu, vanishi ni ya Kemikali, mito ni ya Nguo, kwa hiyo lazima kila mmoja akakae kwanza kwenye eneo la idara yake, ndipo tuje tuwakusanye kisera. (Minong'ono. Sauti: "Na huku tukisubiri tunakula nini?") Subira huvuta heri, mama, na heri imetengewa fungu katika bajeti ijayo. Ama kurudi mtaani, hapana, kwa sababu pale ndipo tulipojenga ofisi ya kuratibu kongano lenu. Ina viyoyozi. Na samani zake ni nzuri ajabu, zimeagizwa kutoka nje.

Semeni nami: Pamoja kisera! (Sauti mbili: "Kisera.") Pamoja kitaasisi! (Sauti moja.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mwalimu mkuu kwa kutuazima uwanja huu wa mpira, ambao wanafunzi watauhitaji kengele ikilia. Na sasa, kwa heshima na taadhima, nalifunua jiwe la msingi la karakana zenu. (Makofi.) Ahsanteni. Basi naomba mafundi wanne wenye nguvu wanisaidie kulipandisha garini, taratibu lisipasuke, maana taifa zima tunalo hili moja, na mchana linasubiriwa mkoa wa jirani.