Sehemu ya Tatu ya Kaa wa Minazi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu asubuhi. Afadhali. Sitaki kuonekana nje.

Jumamosi tulionyesha Kaa wa Minazi, Sehemu ya Pili, kwenye ukumbi wa kanisa. Kijiji chetu kizima cha Vaimotu kilikuja, na mito ya kukalia. Jina langu lilipotokea watu walipiga makofi. (Nilianza mimi.) Baada ya hapo, kimya. Katikati ya filamu akina mama wakatoa ukili, wakaanza kusuka gizani. Mwishoni shangazi Fetuao, aliyenilea, akasema ile shuka tuliyoonyeshea filamu ilikuwa nyeupe sana. Akaishia hapo.

Sehemu ya Kwanza haikuwa hivi! Binamu yangu Motusaga, mwoka mikate, anang'atwa na kaa mkubwa wa minazini, anaota magando, anawatimua wezi wa samaki mpaka baharini. Basi. Watoto walishinda wiki nzima na makumbi ya nazi mikononi, wakijifanya yeye. Shangazi alicheka mpaka akashikilia nguzo, na alikuwa hajacheka tangu mume wake afariki. Nilimtazama yeye zaidi kuliko nilivyoitazama filamu. Kitu kile nakitaka tena, na nitakipata. Kwa hiyo watu wanaoulizana kama niendelee au niishie hapa wanapoteza muda wao.

Motusaga ni mmoja wao. Anasema yeye basi. Gamba analovaa linamwasha mgongo, na watoto waliokuwa wakimwita Kaa sasa wanamwita Bwana Mawazo, kwa sababu nusu ya Sehemu ya Pili ameketi chini ya mnazi akijiuliza yeye ni nani. Nikamwambia sehemu hiyo ndiyo bora kuliko zote. Akasema ndiyo hiyo inayomtia aibu akipeleka mikate.

Jumanne, 4 Machi

Baraza la wazee limekutana juu yangu. Kumbe kosa si mawazo. Kosa ni karamu.

Mwaka jana kijiji kilifanya karamu ya kweli kwa ajili ya filamu. Nguruwe, magimbi, samaki wa kutosha. Kamati ya akina mama walishona sare mpya na kutunga wimbo wa kumsifu Kaa, wakauimba wote, beti baada ya beti. Tulipiga picha kutwa. Halafu nikaikata. Yote. Ilikuwa inapunguza kasi! Mtu yeyote anayejua filamu angenielewa. Kwa hiyo Jumamosi akina mama walikuja kujitazama wenyewe, wakaishia kumtazama Motusaga akiwaza.

Mzee Tofamau, msemaji wa baraza, ametoa uamuzi: hakuna kamera Vaimotu mpaka wazee wasahau. Nilimuuliza shangazi hiyo inaweza kuchukua muda gani. Akanikumbusha kwamba Mzee Tofamau bado anamnunia mtu aliyedondosha mpira wa kriketi kabla mimi sijazaliwa.

Nimekwisha. Waigizaji wangu ni wao, ufuko ni wao, nguruwe ni wao. Bila Vaimotu hakuna Sehemu ya Tatu.

Jioni nikakutana na Lagaaia dukani. Nilisoma naye. Yeye hupiga video za harusi na misiba, na wazee wanampenda kwa sababu hakati kitu: harusi ikienda kutwa, video nayo inakwenda kutwa. Akanishika bega. Akasema niendelee tu, ndugu yangu, nisikate tamaa, watu wanahitaji kitu cha kuwapa usingizi. Aliponunua nyama yake ya kopo alikuwa bado anacheka. Namchukia, na sioni sababu ya kuficha katika shajara yangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango. Wazee wakisikia nchi nzima inaisifu Sehemu ya Pili, watalegea. Kila nyumba hapa redio iko wazi asubuhi, na kuna kipindi cha wasikilizaji kupiga simu. Nikapiga. Nikabadili sauti, nikawa bibi wa upande wa pili wa kisiwa, mjane, mgonjwa wa miguu. Nikasema filamu ile imenipa nguvu ya kuishi.

Ikaenda vizuri sana! Mtangazaji alikaribia kulia. Akaniuliza bibi, ni sehemu gani hasa iliyokugusa. Hapo ningesema magando nikakata simu. Lakini nani angewaeleza watu kuhusu mwanga? Nikaeleza jinsi jua la saa za alasiri linavyopita kwenye makuti na kuangukia shavu la Kaa, na jinsi mpiga picha alivyolala kwenye tope kulipata, na jinsi kijiji fulani kisivyo na shukrani. Mtangazaji akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema asante sana, Olotau, msalimie shangazi yako.

Nilipopita barabarani, watu watatu waliniuliza hali ya miguu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Ifoga!

Mtu akitenda kosa zito, tuseme ameua, huenda na jamaa zake alfajiri mbele ya nyumba ya waliokosewa, anaketi chini, amefunikwa mkeka wa heshima. Anangoja humo bila neno. Wakimtoa, amesamehewa. Wakikataa, hata shoka linaweza kuja. Hakuna aliyewahi kufanya ifoga kwa ajili ya filamu. Ndiyo uzuri wake. Wazee watashtuka, watanionea huruma, watanikumbatia, na wakiwa bado wamenikumbatia nitawaomba ruhusa ya Sehemu ya Tatu.

Mkeka wa namna hiyo niliopata kuuona ni mmoja tu: wa shangazi. Aliusuka mama yake kwa miaka, mwembamba, laini kama kitambaa, na unangoja harusi ya binti yake. Nilidhani atanifukuza na ufagio. Hakunifukuza. Alikwenda kuutoa chini ya godoro, akaniwekea mapajani. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akasema, "Mwanangu, nilikuwa najiuliza lini utakuwa mtu mzima."

Niliona aibu mpaka nilipofika barabarani, kisha ikaniisha.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Alfajiri nikaketi mbele ya nyumba ya baraza, nikajifunika. Nilikadiria nitatolewa kabla ya chai. Nikawasikia wazee wakiamka. Nikawasikia wakinywa chai. Harufu ya kakao ilinifikia chini ya mkeka na hakuna aliyesema lolote. Jua likapanda. Chini ya mkeka ni tanuri. Kuku akaja akasimama juu yangu. Nikamsikia Lagaaia akiuliza kwa sauti ya chini kama huyo kuku ni sehemu ya desturi.

Nikaanza kuogopa. Kweli kweli. Ilinijia kwamba wanaweza kukataa, kwamba wana haki ya kukataa, na kwamba kama wakikataa sitakuwa na pa kupita na kamera yangu maisha yangu yote. Nikajaribu kufikiria Sehemu ya Tatu. Haikuja. Ilikuja sura ya mama Penitila, mwenyekiti wa kamati, jinsi alivyonyanyuka kidogo kwenye mto wake Jumamosi ile, kila picha ilipobadilika, akidhani sasa ndiyo zamu yao.

Ndipo mkeka ukainuliwa pembeni na mtu akaingia. Shangazi. Akaketi akinibana. Nikataka kusema, akanifinya. Baadaye kidogo akaingia Motusaga, ananuka mikate, na akachukua nafasi yote iliyobaki. Akanong'ona kwamba mimi ni mjinga lakini ni mjinga wao. Tukaketi watatu hivyo. Nililia. Sikuwa nimepanga.

Mkeka ukaondolewa. Mzee Tofamau, na fimbo yake. Alizungumza kwa kirefu kama kawaida yake. Alisema ifoga ya mwisho kijijini hapa ilikuwa kwa uhai wa mtu, na hii ni kwa filamu, na wazee walibishana asubuhi nzima kama vitu hivi viwili vinalingana. Yeye aliitazama filamu ile mpaka mwisho, na anaona vinakaribiana. Kwa hiyo wanapokea. Nimesamehewa. Akamrudishia shangazi mkeka wake kwa mikono miwili, akasema ukamfunike bibi harusi. Mama Penitila akanibusu paji la uso. Nikaona sasa ndiyo wakati. Nikafungua mdomo kuomba.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Akasema kama inavyosemwa siku zote: jambo lililosamehewa limezikwa. Hakuna mtu wa Vaimotu atakayelitaja tena. Wala filamu ya kwanza, wala ya pili, wala yule mnyama. Atakayeyataja atatozwa nguruwe.

Nikabaki na mdomo wazi. Shangazi akaufunga kwa kidole.

Mzee Tofamau alinitazama alipokuwa akisema hayo, na naapa alikuwa anatabasamu.

Jumapili, 9 Machi

Watu ni wema kwangu. Haivumiliki.

Kanisani waliniachia nafasi mbele. Chakula cha mchana nyumba tatu zilituletea majani ya magimbi kwa tui la nazi. Hakuna anayenitania. Hakuna aliyeuliza miguu. Nilipita kwa watoto nikatengeneza magando kwa vidole, kidogo tu, kama mtu anayejikuna. Wakakimbia. Lagaaia alianza kufungua mdomo, akakumbuka nguruwe wake, akaufunga, akawa mwekundu masikio. Hilo tu ndilo lililonifurahisha.

Nilimuuliza Motusaga, tukiwa wawili tu, kama anadhani ile habari ingeweza siku moja kuendelea. Akaniuliza habari gani. Nikasema ile. Akasema hajui ninazungumzia nini na kwamba hajawahi kulala vizuri kama jana.

Pengine ni kweli. Pengine iishe hivyo. Shangazi alikuwa anaimba akiosha vyombo.

Jumanne, 11 Machi

Mama Penitila amekuja nyumbani na mkate wa ndizi. Kamati inaomba niwapigie video. Ni ya maadhimisho ya kanisa mwezi ujao. Wimbo mpya, sare mpya, karamu. Lagaaia angefanya, lakini wanataka nifanye mimi, ili kila mtu aone hakuna kinyongo. Wanachoomba ni kitu kimoja tu, wimbo uwe mzima. Mzee Tofamau amekwisha ruhusu kamera.

Shangazi alikuwa mlangoni akisikiliza, ameshika kifua. Niliwaapia wote wawili kwamba sitakata hata silabi moja. Na nilikuwa nasema kweli.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamka na akili safi kabisa. Sijui kwa nini sikuliona Jumamosi!

Hakuna mtu wa Vaimotu anayeruhusiwa kumtaja. Hakuna! Sasa tuseme akina mama wanaimba, na nyuma yao, juu ya paa la kanisa, kikapita kivuli. Kikubwa. Chenye magando. Nani atasema? Atakayesema amemtaja, na nguruwe anakwenda. Mzee Tofamau mwenyewe itabidi atazame mbele kama vile hakuna kitu. Na kama hawawezi kulalamikia kivuli, hawawezi kulalamika Kaa mwenyewe akishuka chini. Wala akiwatimua wezi wa sadaka. Wazee hawakunikataza, wamenifungulia mlango!

Motusaga nitamwambia ni mavazi ya maadhimisho. Gamba liko kwa fundi, linapakwa rangi.

Nimeshapanga picha zote, mwanzo hadi mwisho. Inaenda kwa kasi nzuri sana. Wimbo tu ndio itabidi niupunguze kidogo.