Naomba Ukurasa wa Saba Ufungwe

Ndugu Mhariri, na wewe pia uliyejificha nyuma ya ukurasa wa saba,

YAH: KUFUNGWA KWA SAFU YA "NYUMBA, SURA NA SIMU"

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama ofisini kwenu kuna madirisha basi yanang'aa, maana ninyi ndio mliotufundisha kuyasugua kwa siki.

Mimi ni msichana wa sekondari. Walimu huandika kwenye ripoti yangu kwamba ni "mtulivu", na wanafunzi wenzangu, ambao hawana muda wa heshima hizo, huniita Bubu. Shuleni tunafundishwa kwa lugha nyingine, na nikiulizwa swali kwa lugha hiyo hata jina langu hunitoroka. Kwa Kiswahili hali ni afadhali: jina nalikumbuka, ila sauti haitoki. Lakini nikishika kalamu au simu mimi ni mtu mwingine kabisa, tena wa maneno mengi, kama unavyojionea.

Mama yangu ni fundi cherehani na karakana yake ni sebule yetu. Zamani gazeti lako lilikuwa na kazi ya heshima kwetu: lilikatwa umbo la kola na la mikono ya gauni kabla mkasi haujagusa kitambaa cha mteja. Siku moja mkasi ulisimama katikati ya ukurasa wa saba. Mama akasoma. Mteja akasubiri. Tangu hapo hatujapumzika, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu nyumba. Mlisema kitunguu kilichokatwa vipande kikiachwa chumbani hunyonya harufu mbaya. Nyumba yetu haikuwa na harufu mbaya. Sasa inayo, ya kitunguu. Mlisema magadi yawekwe kwenye friji. Sisi hatuna friji, na kwa kuwa mama hapendi ushauri upotee bure, aliyamwaga ndani ya viatu vya baba. Baba ni fundi umeme. Aliingia nyumba za watu kutwa nzima akiacha nyayo nyeupe, na jioni akasema, "Mama watoto, leo nimeulizwa kama nimetoka kuoka mikate." Mama akamjibu, "Umeulizwa kama unanuka?" Baba akakiri kwamba hakuulizwa. Kesi ikaisha.

Ile siki nayo imefanya kioo cha mlango kisionekane kabisa, na mteja mmoja amegonga paji la uso akidhani anaingia. Mama alimpa pole kwa mdomo, lakini macho yake yalikuwa yanashangilia.

2. Kuhusu sura. Uso unaofanyiwa majaribio ni wangu. Mlisema mchanganyiko wa yai na asali uoshwe kwa maji ya uvuguvugu. Hamkusema uvuguvugu wa nani. Vidole vya mama vimezoea pasi ya makaa, kwake maji yaliyotoka kuchemka ni ya uvuguvugu. Yai likaanza kuiva nikiwa nimelivaa. Nilikwenda shule na vipande vyake kwenye nyusi, na mwenzangu mmoja akaniuliza, "Bubu, umekuja na chai yako ya asubuhi au yenyewe ndiyo imekuja na wewe?" Nilikuwa na jibu zuri sana. Nililipata usiku ule, kitandani.

Dawa ya meno kwenye chunusi tumejaribu pia. Chunusi ipo palepale, ila sasa inanukia mnanaa.

3. Kuhusu maneno ya siri. Mliagiza neno la siri liwe refu, liwe na herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, lisiandikwe popote wala asiambiwe mtu. Mama alitii yote. Hakuliandika, hakumwambia mtu, na asubuhi yake ikagundulika kwamba hata yeye mwenyewe hakujiambia. Simu yake imelala kwenye droo ya nyuzi, salama kuliko simu zote duniani. Tangu siku hiyo anatumia yangu.

4. Hapa sasa ndipo penye barua yenyewe, hayo mengine ningeyavumilia.

Dawati lililo mbele ya langu hukaliwa na mvulana mrefu wanayemwita Antena. Naye si msemaji. Kwa muda mrefu nilichojua kwake ni kisogo chake tu. Jioni moja akanitumia ujumbe kuuliza swali la hesabu ambalo, nina hakika, alikuwa analijua. Nikamjibu. Akauliza lingine. Tukahama hesabu. Akataka kujua mimi naonaje kuhusu mwalimu wa kemia, anayeshika tai yake kama ngazi kila anapodanganya kwamba mtihani utakuwa rahisi. Ndugu Mhariri, watu wengi wameshaniuliza naonaje. Huyu aliuliza halafu akasubiri jibu.

Ndipo likatoka toleo lenu lenye kichwa cha habari "Je, Ni Yeye Kweli?" Mliandika kwamba mtu wa mtandaoni asiaminiwe kwa jina wala picha, bali aulizwe swali ambalo mtu halisi pekee anaweza kulijibu. Mama akachukua simu yangu, akavaa miwani ya kutungia sindano, akaandika: "Mimi ni mama mzazi. Kama kweli unasoma na binti yangu, niambie akicheka hucheka vipi."

Inabidi nieleze. Mimi nikicheka hukoroma. Sauti hutokea puani, kama cherehani iliyokosa mafuta, na hainyamazi upesi. Mama anaamini, na ni haki yake, kwamba mtu akishaisikia mara moja hawezi kuisahau.

Antena alianza kuandika, akaacha, akaanza tena. Halafu ukaingia ujumbe: "Shikamoo mama. Samahani, sijawahi kumsikia akicheka."

Mama akanigeuzia simu kama hakimu anayeonyesha kisu kilichotumika. "Umeona? Tapeli huyu! Mtoto wangu, anayecheka mpaka mguu wangu unateleza kwenye kanyagio, mtu wa dawati la mbele asimsikie?" Akamfungia asinitumie chochote tena. Kisha akanipa kopo la nyuzi nizipange kwa rangi, kama mtu aliyeniokoa na moto na sasa anataka nitulie.

Ndugu Mhariri, lile lilikuwa jibu sahihi.

Lakini ili kumtetea ingebidi nimwambie mama kwamba shuleni sicheki. Kwamba mapumziko nayamalizia nyuma ya stoo ya viti. Kwamba lile jina sikupewa kwa utani. Mama huwaambia wateja wake, futi ya kupimia ikiwa shingoni, "Huyu wangu? Darasa zima linamtegemea kwa kuchekesha." Huwa anawapima mabega huku anatabasamu, na vipimo vyenyewe hutoka vizuri siku hizo. Sasa nimwambie nini? Nikanyamaza. Ni jambo ninaloliweza.

Antena anadhani mimi ndiye niliyemfungia. Akinipitishia madaftari siku hizi hupeleka mkono nyuma bila kugeuka, kama anayemwachia mbwa asiyemjua mfupa. Nilijaribu kumweleza ana kwa ana. Nilisimama nyuma yake, nikafungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa "dirisha". Akanyanyuka akalifunga. Tukaiva kwa joto darasa zima mpaka kengele ikalia.

5. Kwa hayo yote, ninaomba:

(a) Safu ifungwe mara moja.

(b) Ikishindikana, mchapishe masahihisho, kwa herufi nene, kwamba mtu anayejibu "sijui" anaweza kuwa ndiye mkweli kuliko wote.

(c) Hilo nalo likiwa gumu, gazeti litoke ukurasa wa sita kisha wa nane. Kama sheria za uchapaji zinakataza, wa saba ubaki mtupu. Kola zitakatwa hapo na hakuna atakayeumia.

(d) Kuanzia sasa kila ushauri ujaribiwe kwanza kwa mtoto wa mwandishi wake, na ichapishwe picha ya nyusi zake kabla na baada.

(e) Mwandishi huyo aje kwetu mwenyewe amwambie mama kwamba alikosea. Atambue tu kwamba mlangoni ataulizwa swali la kuthibitisha kuwa ni yeye, na akilikosa sitakuwa na msaada wowote, kama ilivyo kawaida yangu.

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti, msahihishaji, na hasa yule anayepanga kurasa, ambaye mkono ukimteleza siku moja tu nitamshukuru maisha yangu yote. Baba anawasalimu. Mama angewasalimu kuliko sisi sote, ndiyo maana sijamwambia.

Ni mimi, katika huzuni na harufu ya kitunguu,
Msomaji wenu wa kulazimishwa

Tanbihi: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, mlango ukagongwa. Ni Antena, ameinama asigonge fremu, na mbele yake mama yake, muuguzi, bado yuko na sare ya kazini. Mkononi ana ukurasa wa saba. "Dada, nimekuja kumwona kwa macho yangu huyu anayejiita binti. Kamzoea mwanangu kisha katoweka ghafla, na humu wameandika kabisa kwamba matapeli ndivyo wanavyofanya." Mama akaacha cherehani. "Tapeli, binti yangu? Wa kwako ndiye aliyefeli swali!" Wakarushiana aya za gazeti lenu pale mlangoni hadi wakagundua kuwa wote wawili wanasoma aya ileile. Mama akamgeukia Antena. "Na wewe, kwa nini hukujua anavyocheka?" Antena akatazama viatu vyake. "Mama, shuleni hacheki."

Mama akanitazama. Sijawahi kutazamwa muda mrefu namna ile bila kupimwa nguo. Kisha akasema, taratibu, "Basi kaa, kijana. Humu ndani anacheka."

Naandika haya jikoni, nimejifanya nachemsha chai. Muuguzi ameuliza kama ni kweli zipu ngumu hulainika kwa kipande cha sabuni, na mama amemvutia kiti. Wamemaliza zipu, wamemaliza nywele na maji ya mchele, sasa wako kwenye maneno ya siri, kipande cha mwisho kabisa cha ukurasa. Mimi na Antena bado hatujasema neno hata moja. Tunahitaji muda.

Ndugu Mhariri, usiufunge ukurasa wa saba. Ongeza na wa nane.