Kisima cha Bi Rawiya na Koti Langu Jipya

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Habari njema! Mtaalamu amekuja mtaani kwetu Langoni kupima visima. Anaitwa Cherotich, binti wa bara, mpole. Anatafuta kemikali za viwandani zisizooza. Zikishaingia majini hukaa, hata wajukuu watazikuta. Zimo kwenye povu la kuzimia moto, kwenye vikaango visivyogandisha chakula, kwenye nguo zisizopenyeza maji. Wakubwa wanataka kujua zimefika wapi kabla ya kuweka kanuni. Kesho anaanza na kisima cha Bi Rawiya.

Bi Rawiya! Mjane, jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Kicheko chake huvuka na kunikuta cherehani. Siku zote natafuta sababu ya kuingia ua ule. Athman anayo: yeye anauza halwa. Mimi nashona maturubai ya mashua. Mjane utampelekea turubai?

Nimejitolea kuvuta maji. Cherotich akanipa masharti: nguo kuukuu ya pamba, bila manukato, na chupa nisiziguse. Niliitikia yote. Moyoni nilikuwa nikiwaza koti.

Jumanne, 7 Oktoba

Koti jipya, la buluu. Nimelipulizia dawa yangu ya maturubai, kwa kuwa vuli imekaribia. Tone likianguka juu yake linaviringika kama lulu!

Nilikwenda na kanzu kuukuu, koti nimelikunja kwapani. Nia yangu ilikuwa njema. Lakini Cherotich alipotoka kupokea simu, akaingia Athman na sahani yake. Bi Rawiya akamsifu kofia. Kofia! Nikavaa koti papo hapo. Na ili nionekane mtu wa kazi, nikajaza chupa mwenyewe, mkono wa koti ukichuruzika mle mle.

Cherotich aliporudi nilikuwa nimeshalivua. Akauliza kama nilifuata masharti. Nikasema yote, nimemuokolea muda tu. Akaniita Mzee Mohdhar. Mzee!

Bi Rawiya alisema koti ni zuri. Siku imekamilika.

Jumatatu, 27 Oktoba

Msiba. Majibu yamekuja. Kisima cha Bi Rawiya kina sumu kuliko visima vyote vya Langoni. Kimefunikwa, asinywe mtu. Vipimo vingine ni mwakani, ila chanzo kikijulikana kabla. Cherotich akauliza kama kuna jirani anayetumia dawa ya kuzuia maji.

Nilitazama paka aliyekuwa ukutani.

Kisha Bi Rawiya akauliza, sauti chini, nani atamletea maji ya kunywa. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kila asubuhi natoka bomba la msikitini na dumu begani. Kila asubuhi kahawa, tende, na maneno yake. Athman amepita, ameona, amenuna. Alhamdulillahi! Mpango ambao sikuupanga umefaulu kuliko yote niliyowahi kupanga.

Ila leo alinionyesha kifuniko. Akasema kisima alikichimba babake akakifanya wakfu, na tangu utotoni hajaamka bila kusikia mtu akibisha aje kuchota. Sasa mlango kimya. Wengine wamo mbioni kuuliza kama watoto wao wamenywa sumu. Akasema, "Huenda mai haya ya kisima ndiyo yaliyomuua Husni wangu."

Husni ni marehemu mumewe. Nikaweka kikombe chini.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nilisali Ijumaa bila kusikia hotuba. Nikaenda moja kwa moja kwake, nikabaki nimesimama. Nikamwambia: maji yako hayana neno, sumu ni koti langu.

Akauliza, "Koti? Kisima cha baba kimefungwa kwa koti?"

Nikasema, kwa ajili yako.

"Nitokee ndani, Mohdhar."

Bila hata kuniita Bwana. Nikatoka. Nikampigia Cherotich nikamweleza yote. Akasema atarudi kupima upya, na nisikanyage karibu na ua ule.

Nimeketi mbele ya cherehani. Upande wa pili hakuna kicheko. Ni haki yangu.

Jumatatu, 17 Novemba

Kisima salama! Zimeonekana chembe chache mno, chini kabisa ya kiwango cha hatari. Cherotich mwenyewe alikiondoa kifuniko. Akawaeleza majirani kwamba chupa ya kwanza iliharibiwa na msaidizi. Jina hakulitaja. Wote walinigeukia mimi, nikichungulia juu ya ukuta wangu.

Alasiri wakaja na vyombo vyao, mlango ukabishwa mpaka Magharibi. Bi Rawiya akacheka. Nikausikia mcheko ule nikashona turubai la mteja wangu Bwana Abdulwahid upande kinyume. Sijali.

Jumanne, 18 Novemba

Asubuhi sauti imevuka ukuta. "Bwana Mohdhar! Mbona huyi tena kwangu?" Nikajibu kwamba kisima kimefunguliwa, sina tena cha kumletea. Akasema kahawa i tayari, hataki dumu, hataki sababu. "Ndoo tu."

Kwetu Amu ndoo ni njoo. Kila mtu anajua. Mtu mwenye akili angekwenda vile vile alivyo, sindano mkononi.

Mimi nimekimbilia dukani kununua ndoo ya maji. Nimeitoboa chini kwa sindano ya maturubai, vitundu vidogo, havionekani. Nitamwambia bomba langu limekauka. Nitachota, itavuja, nitachota tena, itavuja tena, na Athman akipita na halwa yake atanikuta pale pale. Nimeijaribu uani. Inavuja vizuri ajabu!

Kahawa itapoa kidogo, najua. Lakini mpango huu hauna kasoro.