Mguu Sawa Ndani ya Intavyu

Jamani, leo nimeaibika. Tena sana. Na kabla hamjaanza kuniuliza kama nimepata ile kazi, tulieni niwaeleze, maana jibu lenyewe ni refu.

Mnajua nimekaa nyumbani tangu nimalize chuo. Nimeomba kazi mpaka aibu imeniisha. Wiki mbili zilizopita Mama kanikalisha chini, kasema nisipopata kitu safari hii, naenda Arua kwa shangazi kumsaidia kuuza vitenge. Shangazi huyu hafungi mdomo hata akilala. (Shangazi, kama unasoma, nakupenda.)

Basi ikanipigia simu kampuni moja ya Bukoto, hapa Kampala, inayokodisha mahema na viti vya harusi. Wanataka mtu wa mapokezi anayejua Kiswahili, kwa sababu wateja wao wengi ni Wakenya na Wakongo. Nikaruka juu! Kiswahili? Mimi? Nyumbani kwetu Baba ni Mwacholi, Mama ni Mnubi, kwa hiyo tangu nizaliwe tunagombana na kupatana kwa Kiswahili. Nikajiambia hii imekwisha, Arua nitaisikia redioni tu.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilisema kwa sauti, mezani, kwamba nataka mtu wa kunisikiliza nikifanya mazoezi ya maswali.

Baba akaweka kijiko chini.

Baba yangu ni sajini mstaafu. Tulishahama kambini zamani, tunapanga hapa hapa chini ya kilima cha Mbuya penye kambi hiyo, lakini yeye bado hajaamini. Viatu vyetu vyote viko mlangoni kwenye mstari. Asubuhi anakagua kuku, na kuku wenyewe ni wa jirani. Mtu kama huyo ukimwambia una kitu cha kufanyia mazoezi, umekwisha.

"Leta maswali," akasema.

Nikafungua simu nikamsomea yale maswali ambayo kila mtu anaulizwa. Jitambulishe. Kwa nini unataka kazi hii. Udhaifu wako ni upi. Unajiona wapi baada ya miaka mitano. Hilo la udhaifu lilimkasirisha kabisa.

"Hiyo swali ni ya mtego! Ukishikwa na adui, wewe nasema udhaifu yako?"

"Baba, hao si adui. Ni watu wa mahema."

"Sasa jibu yako ni nini?"

Nikamsomea lile nililolitoa mtandaoni: "Udhaifu wangu ni kwamba nikianza kazi sijui kuacha."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Baba hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye beseni. "Sahani za jana ziko pale. Uliacha. Hiyo jibu ni uongo."

Lakini nikaling'ang'ania, naye akaniruhusu, kwa sharti moja: nilishike mpaka lisitoke. Kila jibu lisitoke. Na Baba ana njia moja tu ya kumfanya mtu ashike kitu. Popote nilipo, nafagia, nakaanga mayai, napiga mswaki, anatokea nyuma yangu na kunguruma: "Mguuu... SAWA!" Hapo naacha kila kitu, visigino pamoja, mikono mapajani, kifua mbele, nataja jina na kutoa jibu linalofuata. Na nisitikisike, hata nzi akitua puani, mpaka aseme "mguu pande". Mayai mengi yaliungua wiki hiyo.

Siku za kwanza nilimwona kichekesho. Halafu nikaanza kusimama kabla sijajua nimesimama. (Hapa ndipo ningeshtuka, lakini mimi nani.)

Leo asubuhi Mama akanisomea dua, Baba akanipigia ishara ya msalaba kwenye paji la uso, nikatoka nimelindwa pande zote. Nikageuka, Baba yuko nyuma yangu. Suti. Kofia. Nishani kifuani!

"Baba, unaenda wapi?"

"Nakusindikiza. Mpaka geti tu."

Nikamwomba atoe nishani. Akazihamishia mfukoni, na njia nzima zikawa zinagongana kling kling kama sarafu za konda.

Tulipofika nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na geti. Nikamwambia, "Baba, tafadhali, usiongee na mtu."

"Ndiyo," akasema. Lakini macho yake yalishafika kwa askari wa geti. Yule kaka alikuwa amelala nusu kwenye benchi, kofia imefunika uso, buti moja liko mguuni na lingine liko kivyake. Nikaona taya la Baba linacheza. Nikataka kumwambia neno, lakini hapo hapo jina langu likaitwa.

Ndani walikuwa wawili. Madamu mwenyewe, mwenye kampuni, mama wa Kiganda mnene mwenye sauti laini, kavaa gauni la gomesi la rangi ya ndizi mbivu. Na mhasibu wake, Mkenya mmoja mwembamba anayeandika kila kitu. Nyuma ya kiti changu walikuwa wamesimamisha tao la harusi la kuonyesha wateja: nguzo mbili, maua ya bandia, na kitambaa cheupe kirefu kilichovutwa kutoka juu ya tao kikapita juu ya vichwa vyetu mpaka ukutani. Pazuri kweli. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. (Likumbukeni dirisha.)

"Jitambulishe, dada," akasema Mkenya.

Nikajitambulisha. Jamani, nilitiririka! Madamu akaanza kutikisa kichwa akisema "mmm, mmm," na mkiona Muganda anasema hivyo jueni mambo yako sawa. Kwa nini unataka kazi hii? Nikajibu mpaka mhasibu akaacha kuandika, akanitazama. Unajiona wapi baada ya miaka mitano? "Najiona naongoza idara yote ya mapokezi." Madamu akatabasamu, akasukuma sahani ya keki upande wangu. Keki! Nani anampa keki mtu asiyetaka kumwajiri? Moyoni nilikuwa nimeshampigia shangazi simu ya kumuaga.

Nikanyoosha mkono, nikachukua keki.

Nje, kupitia lile dirisha, ikaingia sauti ninayoijua kuliko jina langu:

"Mguuu... SAWA!"

Sikuamua. Naapa sikuamua. Miguu iliamua yenyewe. Niliruka juu, visigino PAA, mikono mapajani, kifua mbele. Kiti kikaenda nyuma, kikapiga nguzo. Nguzo ikayumba. Ikayumba tena, taratibu, kama inafikiria. Halafu tao lote likaanguka kando, na kile kitambaa cheupe kikashuka juu yetu sote watatu na kutufunika.

Maua ya bandia yakaendelea kudondoka, moja moja.

Mtu mwingine angeomba radhi. Mtu mwingine angesaidia kukitoa kitambaa. Mimi nimesimama wima ndani ya shela, sitikisiki, kwa sababu mguu pande haijasemwa!

Sauti laini ya Madamu ikatoka chini ya kitambaa: "Nnyabo, dada yangu, una nini?"

Na mdomo wangu, ambao nao umefundishwa, ukasikia swali ukatoa jibu lililobaki. Kwa nguvu zote:

"Rehema Akello! Udhaifu wangu ni kwamba nikianza kazi sijui kuacha, afande!"

Afande. Nimemwita Madamu wa gomesi afande.

"Basi pumzika, dada," Mkenya akasema kwa huruma kutoka upande wake wa kitambaa.

"Siwezi," nikasema. Machozi yalikuwa yananilengalenga. Keki ilikuwa bado mkononi, imepondeka kwenye sketi.

Nje: "Mguuu... PANDE!"

Nikalegea. Nikakaa. Kiti hakikuwepo. (Banange, nimesema leo nimeaibika, mlidhani nini?)

Tulipotoka kwenye kile kitambaa, Madamu hakuniangalia hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akachungulia nje. Nikamfuata nikiwa nimeshika kiuno. Kule nje, askari wa geti amesimama wima, kofia sawa, mabuti yote mawili miguuni. Vijana wanaopakia viti wamejipanga mstari kando yake. Hata wale wenzangu waliokuwa wanasubiri intavyu wamesimama. Na mbele yao Baba, mikono nyuma, nishani zimerudi kifuani, anamwonyesha kijana mmoja namna ya kufunga vifungo.

"Yule mzee ni nani?" Madamu akauliza.

Jamani, shetani alinijia. Nilitaka kusema simjui.

"Ni baba yangu," nikasema.

"Mwite."

Nikajua sasa tunatukanwa wote wawili. Baba akaingia, akapiga saluti, akalitazama tao lililoanguka, kisha akanitazama mimi. Madamu akamwambia, "Mzee wangu, viti vyangu vinatoka hapa vingi, vinarudi pungufu. Askari wangu analala. Unaweza kunishikia hilo geti?"

Baba akashtuka. "Hapana, Madamu. Mimi nimesindikiza huyu. Kazi ni yake."

"Huyu tutampigia," Madamu akasema. Na sote tunajua "tutakupigia" maana yake nini.

Baba akanitazama. Ananiomba ruhusa, yule mzee! Nikamwambia, "Jibu, Baba." Ningesema nini?

Mhasibu akafungua ukurasa mpya na kuanza maswali yale yale. Baba akajibu. Kwa majibu yangu! Neno kwa neno!

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano, Mzee?"

"Najiona naongoza idara yote ya mapokezi!"

Mkenya alikohoa mpaka akapewa maji. Halafu akauliza, "Na udhaifu wako?"

Nikajua linakuja lile la mtandaoni. Lakini hapo Baba hakupaza sauti. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akatazama sakafu.

"Nikianza kazi," akasema, "sijui kuacha."

Hakuna aliyecheka. Mimi nikakumbuka kuku wa jirani, na vile viatu mlangoni, ikabidi nijifanye naokota maua ya bandia.

Kaajiriwa papo hapo. Anaanza kesho.

Tukarudi na Baba mpaka karibu na nyumbani. Kisha akanigusa bega. "Nilisikia kisigino yako kutoka nje. Ilipiga vizuri sana." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata leo.

Mama alikuwa mlangoni. "Eh! Nani kapata kazi?"

Baba akainua mkono.

Mama akakaa chini kwenye kizingiti, akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Nikamuuliza kwa unyonge kama nianze kufunga mizigo ya Arua. "Arua nani?" akasema. "Ukienda wewe, nani ataamka alfajiri kumpigia huyu pasi?"

Kwa hiyo nami nimepata kazi, kwa namna fulani. Sitaki mtu anitumie vile vikatuni vya kucheka, nawaona. Shati liko mezani, pasi imepata moto, Baba alipita hapa kukagua, akanguruma, kisha akaenda kuoga. Naandika haya yote nikiwa nimesimama wima. Hajasema mguu pande.