Landrova ya Kumpeleka Dorine Kanisani

Jumapili, 3 Agosti 2025

Imevuka! Landrova ya mwaka 1968, kutoka Lichinga, Msumbiji, iko uani kwangu Matogoro. Imeziba mlango wa jiko. Aliyenitafutia ni Abdulhamid, mfanyabiashara wa Tunduru, anayevuka mpaka kama mimi ninavyovuka barabara. Kibali cha muda kimenifikisha hapa tu. Sasa bado ukaguzi, usajili na namba za kwetu. Abdulhamid kasema ni kazi ya wiki moja, inshallah. Harusi ya binti yangu Dorine ni Jumamosi. Mambo yamekaa sawa.

Mama Dorine ameizunguka mara moja. Akauliza kama gari lenyewe ndilo hili au linakuja jingine.

Kaka yake, shemeji Leonce, amekumbusha tena kwamba Noah yake ipo na ina kiyoyozi. Nimemshukuru. Hampeleki mwanangu kanisani, ng'o.

Marehemu baba aliendesha landrova ya misheni miaka thelathini. Kiti cha mbele kilikuwa cha mapadre. Mimi nilipanda nyuma, juu ya magunia, nikimwona baba kisogo tu. Dorine atakaa mbele.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeipeleka kwa fundi Kajetani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Huko ilikotoka walishakata paa na kupachika injini ya pikapu, ya dizeli. Kajetani anasema hii ni landrova kwa jina la ubatizo tu. Nimemwambia aache maneno, apige rangi nyeupe.

Chini mbele, upande wa kulia, chuma cha chesisi kina mikwaruzo, kama mtu alikigongagonga kwa msumari. Kajetani alitaka kuiacha. Nikasema gari la harusi halina makovu. Apige puti, izibe kila mkwaruzo, tena mara mbili.

Dorine amepita jioni. Anasema gari si neno kwake, anataka tu nimshike mkono nimwingize kanisani. Nimemwambia atapata vyote viwili.

Jumatano, 6 Agosti

Nyeupe pe! Majirani wamekuja kuitazama. Leonce naye kaja, kasema inafanana na friji la bucha. Wivu.

Abdulhamid amenisomea karatasi za gari, zimeandikwa Kireno. Rangi: kijani. Mafuta: petroli. Anasema ni vitu vidogo. Nami naona hivyo hivyo. Nani atamkatalia mtu kwa kupendezesha?

Alhamisi, 7 Agosti

Wamelizuia gari.

Mkaguzi ni afande Mwanaisha, mama mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Karatasi inasema kijani, gari ni jeupe. Inasema petroli, gari ni dizeli. Inasema lina paa. Akaniuliza kwa heshima kama nina uhakika hii karatasi haikuja na gari jingine. Kisha akanipa matumaini. Mabadiliko yanaandikwa, alisema, mradi namba ya chesisi ionekane na ilingane. Akainama mbele, upande wa kulia. Akapitisha kidole. Laini kama sahani. Akauliza namba iko wapi.

Nikamtazama Kajetani, niliyekuwa nimekwenda naye. Kajetani akatazama milima ya Matogoro.

Landrova imebaki kwenye yadi yao. Kesho ni Nane Nane, wamefunga. Niliisahau Nane Nane! Afande yuko zamu Jumamosi asubuhi. Namba ikionekana, ataona kama anaweza kuniandikia kibali cha siku moja. Maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda yadi. Mlinzi kakataa katakata. Nikarudi.

Dorine amesema, Baba, twende na Noah ya mjomba tu. Misa ni saa nne. Nimemwambia saa tatu na nusu nitakuwa mlangoni na landrova, alale kwa amani. Alichukua shati langu akalipiga pasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa moja niko yadi na Kajetani na msasa. Puti ya Kajetani ni mwamba. Nilimwagiza mara mbili, akapiga mara tatu, kwa mapenzi. Saa tatu tumepata tarakimu nne. Simu ikaita, Mama Dorine. Mikono imejaa puti, sikupokea. Saa tatu na nusu, sita. Kajetani akasema niende, yeye atamalizia. Nikasema bado moja. Zilikuwa bado mbili.

Ya mwisho ilitokea saa nne na robo. Ikalingana. Afande Mwanaisha akanipongeza, akachukua kalamu, kisha akauliza kama si mimi ninayeoza binti leo.

Bodaboda. Nilipoingia kanisani viapo vilikuwa vimekwisha. Leonce ndiye aliyemshika mkono akamwingiza. Akaniachia nafasi yake kwenye benchi la mbele bila kusema lolote. Angesema tu. Dorine akageuka, akaiona mikono yangu, myeupe hadi kwenye viwiko. Akatabasamu. Nilitamani angekasirika.

Nililia. Puti ikaingia jichoni, nikapata la kuwaambia watu.

Jumapili, 17 Agosti

Landrova bado inasubiri namba. Haidhuru.

Dorine amepiga simu kutoka Mbinga, kwa mume wake. Wakwe wanatukaribisha rasmi Jumamosi hii. Anasema tupande basi, tuwahi, na kwamba amenitengea kiti karibu naye. Nimemwahidi, na nimeahidi kwa moyo wote.

Nimetafakari wiki nzima. Baba hakuwahi kuniahidi chochote, na sikumbuki siku aliyochelewa. Hili limenichoma. Mtu lazima akiri kosa lake: kosa lilikuwa rangi.

Abdulhamid amepata gari la zimamoto kule Cuamba, Msumbiji, la zamani, limekwishageuzwa kuwa la abiria. Jekundu tayari, na karatasi inasema jekundu. Nitaingia kwa wakwe kama mtu. Alhamisi navuka, Ijumaa narudi, Jumamosi alfajiri niko Mbinga.

Mama Dorine amekwenda stendi kukata tiketi. Amekata moja. Nimempongeza kwa kunielewa.